Si Jina Lake Halisi

Kuna maneno manne ambayo kila mwandishi wa habari wa Kiswahili ameyaandika angalau mara moja, tena ndani ya mabano: si jina lake halisi. Unaweka Asha au Neema badala ya jina lenyewe, unafungua mabano, unaandika hayo manne, unafunga mabano, na dhamiri inapumua. Kwa miaka mingi sikujiuliza maneno hayo yanamlinda nani hasa, yeye au mimi.

Miaka sita iliyopita niliandika makala ya Jumapili kuhusu wanawake wanaoishi na ugonjwa ambao watu huunong'ona tu. Dada mmoja alikubali kuzungumza nami kwa sharti moja, jina lisitoke. Nilimwahidi, na jina halikutoka. Nilichokitoa ni vitu vitatu vidogo: umri wake, kazi aliyokuwa akiifanya, na jambo moja lililowahi kuipata familia yake. Safari hii sitavitaja, na mbele kidogo utaona kwa nini. Mhariri alivipenda sana. Alisema vinampa mhusika mwili.

Jumanne asubuhi yule dada alinipigia simu. Hakupaza sauti.

"Mdogo wangu," alisema, "jina langu umelificha, mimi mwenyewe umeniacha barazani."

Gazeti lilikuwa limefika kwao, likasomwa kwa sauti kwenye kijiwe, na kabla aya ya tatu haijaisha mtu mmoja akasema, si fulani huyu? Wateja wake wakapungua, kisha wakaisha. Nilianza kujitetea, yaani nilimwambia kabisa kwamba jina sikulitaja. Akasema, "Najua." Kisha akakata simu.

Swali lililonibakia tangu siku ile ndilo ninalotaka kuliandika hapa. Je, nilivunja ahadi? Ukiifuata ahadi kwa herufi zake, sikuvunja kitu. Ukimfuata mwenye ahadi, nilivunja kila kitu. Sasa ahadi ya kumficha mtu ni ahadi ya nini?

Jibu la kwanza lenye maana sikulipata kwa wanafalsafa wala kwa walimu wangu wa uandishi. Nililipata katika maisha ya kazi ya mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, Latanya Sweeney, mwanamke ambaye kwa miongo kadhaa ameshughulika na swali hilo hilo, isipokuwa yeye anatumia jedwali mahali ninapotumia aya.

Sweeney alizaliwa Nashville, Tennessee, mwaka 1959. Aliingia MIT akiwa kijana, akaacha masomo, akaanzisha kampuni yake, na baadaye akarudi darasani na kumaliza shahada ya kwanza Harvard mwaka 1995. Mwaka 2001 alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta MIT. Kazi zake za mwanzo zilihusu kumbukumbu za wagonjwa. Mwaka 1996 alieleza programu aliyoiita Scrub, iliyopita ndani ya barua na maelezo ya madaktari ikitafuta majina, anwani na namba za simu, na kuziondoa. Kwa maneno mengine, alianza pale pale nilipokuwa mimi, kwenye kufuta majina.

Tofauti ni kwamba yeye alijiuliza nini kinabaki baada ya kufuta.

Katika miaka hiyo ya 1990, tume iliyokuwa ikisimamia bima ya afya ya watumishi wa serikali ya jimbo la Massachusetts ilitoa kwa watafiti kumbukumbu za matibabu za watumishi wapatao 135,000 na familia zao. Majina yaliondolewa, anwani pia. Ilibaki jinsia, tarehe ya kuzaliwa, na msimbo wa posta wa eneo analoishi mtu. Nani angemtambua mtu kwa vitu vitatu kama hivyo?

Sweeney, aliyekuwa bado mwanafunzi, alikwenda kununua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge kwa dola 20. Daftari hilo lilikuwa na majina na anwani, na pia lilikuwa na jinsia, tarehe ya kuzaliwa na msimbo wa posta. Akayaweka madaftari mawili pamoja. Gavana wa jimbo, William Weld, alikuwa mkazi wa Cambridge, na Mei 1996 alikuwa ameanguka hadharani kwenye mahafali ya chuo cha Bentley, akapelekwa hospitali, habari ikaandikwa. Katika daftari la Cambridge, watu sita walizaliwa tarehe moja na gavana. Watatu kati yao walikuwa wanaume. Katika msimbo wake wa posta, alikuwa peke yake. Kumbukumbu ya matibabu ya gavana ilikuwa mezani kwa mwanafunzi.

Mwaka 2000 alikadiria, kwa kutumia sensa ya mwaka 1990, kwamba asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wanaweza kutofautishwa na wenzao wote kwa vitu hivyo vitatu peke yake. Mwaka 2006 mtafiti mwingine, Philippe Golle, alirudia hesabu na kupata asilimia 63. Hata ukiichukua hiyo ndogo, ni zaidi ya nusu ya taifa.

Kuna waliomkosoa kwa mfano wa gavana. Walisema huyo ni mtu maarufu, kuugua kwake kulitangazwa, na daftari la wapiga kura halina kila mtu, kwa hiyo mtu wa kawaida asingepatikana kirahisi vile. Hoja ina uzito wake, na kwa mji mkubwa naikubali kiasi. Lakini niliposoma hayo nilimkumbuka dada yangu wa kwenye simu. Kijijini kila mtu ni gavana. Kuugua kwako kunajulikana, siku uliyopelekwa hospitali inakumbukwa, na gari lililokuchukua lina jina. Daftari la wapiga kura la kijiji limo vichwani mwa watu wanaokaa barazani jioni. Mimi niliwapelekea tu daftari la pili, kwa bei ya gazeti.

Ukidhani hapo nalazimisha mfano, sikiliza kazi yake ya mwaka 2013. Jimbo la Washington lilikuwa linauza kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa, bila majina, kwa dola 50. Safari hii Sweeney hakutafuta daftari la wapiga kura. Alichukua magazeti. Alikusanya habari 81 za mwaka 2011 zilizotaja watu waliolazwa hospitali, habari za kawaida kabisa, ajali ya pikipiki, ugomvi, mtu kaanguka. Katika 35 kati ya hizo, sawa na asilimia 43, alipata kumbukumbu moja tu ya hospitali inayolingana. Mtu kaandikwa gazetini kwamba kapata ajali, na kupitia mistari ile mitano ya gazeti unafika kwenye jalada lake lote, hata magonjwa yasiyohusiana na ajali. Baada ya hapo jimbo likabana masharti ya kuzitoa data hizo.

Niliisoma kazi hiyo usiku, na nakiri ilinikosesha usingizi. Sisi waandishi tumezoea kujiona watu wa nje, tunaotazama jinsi serikali na makampuni yanavyotunza siri za raia. Kumbe sisi ndio nusu ya ufunguo. Kila habari fupi tuliyoandika imelala mahali inangoja jedwali lake.

Na nyie mnaosoma riwaya msicheke. Mnajua vizuri kazi hii. Mwandishi anatangaza mwanzoni kwamba wahusika wote ni wa kubuni, nanyi mnatumia kurasa mia mbili kumtafuta yule waziri, yule mke wa kwanza, yule mwalimu wa shule ya bweni. Mnachukua kitambi hapa, kilevi pale, mtaa fulani, na mnampata. Akili ya msomaji ni chombo cha kuunganisha. Ndiyo maana fasihi inawezekana, na ndiyo maana mabano yangu yalikuwa bure.

Basi hapa ningeweza kumaliza na kusema kuunganisha ni dhambi, kila kipande cha mtu kibaki kilipo. Siwezi, kwa sababu ya mama yangu.

Mama ana mzio wa dawa za salfa. Hilo liligunduliwa zamani katika hospitali moja, likaandikwa kwenye jalada kwa wino mwekundu. Miaka ikapita, akahamia kwa mdogo wangu mji mwingine, akaugua, akapelekwa hospitali ya huko akiwa hajitambui vizuri. Jalada lilikuwa jipya, jeupe kama kitambaa. Mdogo wangu hakujua habari ya salfa. Akapewa Septrin. Siku chache baadaye ngozi ilianza kufura malengelenge na mdomo ukajaa vidonda hadi hawezi kunywa maji. Alipona, Mungu ni mwema, lakini mikononi mwake alama zipo mpaka leo. Hakuna aliyemkosea kwa makusudi. Ukweli ulikuwepo, umeandikwa kwa wino mwekundu, kilomita mia kadhaa kutoka kwenye kitanda chake.

Tatizo hilo ni la zamani kuliko Sweeney. Mwaka 1946 Halbert Dunn, aliyekuwa akiongoza takwimu za vizazi na vifo Marekani, alieleza maisha ya kila mtu kama kitabu kinachoanza na cheti cha kuzaliwa na kuishia na cheti cha kifo, kurasa zake zikiwa zimetawanyika ofisi mbalimbali. Kazi aliyoipendekeza ni kuzikusanya kurasa. Mwaka 1959 Howard Newcombe na wenzake Kanada walionyesha kwamba kompyuta inaweza kuifanya. Mwaka 1969, huko huko Kanada, Ivan Fellegi na Alan Sunter wakaipa hesabu yake.

Na kwetu? Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, Kenya, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, kazi ya ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wataalamu wa Indiana. Mwaka 2004, wagonjwa wa VVU waliokuwa wakihudumiwa Eldoret walikuwa wanaongezeka kuliko mfumo wa awali ulivyoweza kubeba, na kutokana na haja hiyo ikazaliwa OpenMRS, programu ambayo leo inatumika nchi nyingi. Mgonjwa anayeanza dawa za maisha yake yote anahitaji mtu anayekumbuka alianza lini, dozi ipi, kipimo cha mwisho kilisema nini. Kumkumbuka mgonjwa ni sehemu ya kumtibu. Atakayeniambia kuunganisha ni uovu, nitamwonyesha mikono ya mama.

Kwa hiyo tendo ni lile lile. Unachukua kipande hapa na kipande pale, unauliza kama ni vya mtu mmoja, unaviweka pamoja. Kwa mama, kutokuunganishwa karibu kumuue. Kwa dada, kuunganishwa kulimmaliza riziki. Hisabati haiwezi kututofautishia hayo mawili, maana kwake ni hesabu moja.

Na wakati mwingine watu hao wawili ni mtu mmoja. Wengi tunamjua, au ni ndugu yetu: anaishi mtaa wenye kituo cha afya dakika kumi kwa miguu, lakini dawa zake za VVU anazichukulia wilaya ya pili. Anapanda daladala mbili, anapoteza siku nzima. Kwa mganga wa mtaani kwake ana jalada la malaria na shinikizo la damu, kule mbali ana jalada la hilo jingine. Mtaalamu wa mifumo akiyaona majalada hayo mawili ataona kasoro ya kurekebisha, na ana haki, maana dawa zinaweza kugongana. Lakini mtu huyo hakusahau kuyaunganisha. Aliyatenganisha. Amejijengea faragha kwa nauli yake mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyempa nyingine. Siku tutakapoyaunganisha bila kumuuliza, tutakuwa tumembomolea nyumba tukidhani tunafagia uwanja.

Dawa aliyoipendekeza Sweeney, kwanza pamoja na Pierangela Samarati mwaka 1998 na kisha katika maandishi yake ya mwaka 2002, inajulikana kwa herufi moja, k. Wazo lake ni rahisi na zuri: usitoe data mpaka kila mtu ndani yake afanane na wengine angalau idadi fulani, tuseme wenzake wanne. Badala ya tarehe ya kuzaliwa toa mwaka tu, badala ya mtaa toa wilaya. Mtu hafichwi kwa kufutwa, anafichwa kwa kuzungukwa. Nalipenda wazo hilo kama wazo la kimaadili kabla sijalipenda kama hesabu. Linasema siri yako haimo ndani yako peke yako, imo katika wingi wa wanaofanana nawe.

Lakini lina ufa, na wanasayansi wenyewe waliuona baadaye. Kama wote watano katika kundi wana ugonjwa uleule, kundi halimfichi mtu. Sisi tunalijua hilo bila hesabu. Kila hospitali ina benchi lake ambalo ukionekana umekaa hapo, hata mkiwa hamsini, umeshasomwa. Na kuna ufa mwingine unaonihusu zaidi: vipi aliye peke yake? Yule dada, katika eneo lake, hakuwa na wenzake wanne wa kufanana nao. Kumficha kwa haki kungenilazimu nifute karibu kila kilichomfanya awe yeye, na makala isingebaki. Hapo ndipo penye uchungu. Kilichoifanya makala iwe nzuri ndicho kilichomfichua. Mhariri alikuwa sahihi, vile vitu vitatu vilimpa mwili. Na mwili huonekana.

Sheria zimeanza kulielewa hili. Kenya ilitunga sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022, na ile ya Kenya inakubali wazi kwamba mtu anaweza kutambulika hata kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Ni jambo jema. Lakini sheria huja baada ya simu ya Jumanne, haiji kabla.

Kitu kimoja katika hesabu ya Fellegi na Sunter kimenisaidia kuliko sheria. Wao hawakuiachia mashine majibu mawili, huyu ni yeye na huyu siye. Waliweka la tatu: huenda ni yeye, basi apelekewe mtu aangalie. Mama yangu ameandikwa kwa namna tatu katika hospitali tatu, herufi moja imeongezwa hapa, jina la babu limewekwa pale, na tarehe ya kuzaliwa ni Julai 1 kwa sababu hakuna aliyeiandika tarehe yenyewe. Mashine ikisema haina uhakika, inasema kweli. Nadhani maadili ya kazi hii yote yamo katika lile jibu la tatu, kusimama na kumpelekea mtu. Nami ningeongeza, akiwezekana, apelekewe mwenyewe. Ahadi ya kumficha mtu haikuwa ahadi ya kulifuta jina. Ilikuwa ahadi kwamba yeye ndiye atakayeamua nani amjue kwa lipi. Ahadi hiyo haitimizwi kwa mabano, na wala huwezi kuitimiza ukiwa mezani kwako bila kumrudia aliyekuamini.

Mama amepata suluhisho lake. Ana daftari la shule, lile la kurasa 96, alilolivika jalada la karatasi ya kalenda. Kila hospitali anayokwenda analitoa, na ukurasa wa kwanza mdogo wangu ameandika SALFA kwa herufi kubwa. Kitabu cha maisha alichokiota Dunn kimo kwenye mkoba wa mama, chini ya miwani na kitambaa cha jasho. Daktari anasoma mama anachomfungulia. Najua daftari hupotea, hulowa, na mgonjwa asiyejitambua hawezi kulitoa, mifumo tunaihitaji. Lakini ningependa wanaoijenga wamwone mama anavyolifungua, na jinsi anavyoweka kidole kwenye kurasa ambazo hataki zigeuzwe.

Mimi nimebadili jambo moja tu. Kabla makala haijakwenda kwa mhariri, naisoma kwa mhusika, aya zote zinazomhusu, na namuuliza: jirani yako akiisikia hii barazani, atakujua? Inachelewesha kazi. Makala mbili zimekufa kwa sababu hiyo, moja ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuandika.

Hii nayo niliisoma. Nilimpigia yule dada, nikijua ana haki ya kutopokea, akapokea. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuniita mdogo wangu. Kisha akasema kuna sentensi moja niitoe. Nilimwambia mtu wa nje hawezi kumtambua kwa sentensi ile. Akasema, "Wa nje, ndiyo."

Nimeitoa.